Mama alikuwa anageukia ukuta, sasa na mimi nimeanza kugeukia ukuta. Hii kitu inarithiwa?

BintiWaIgombe

Habari zenu, na shikamooni wote mlionizidi umri. Naomba mnisome mpaka mwisho maana ni ndefu na sijawahi kumsimulia mtu yote kwa pamoja hivi.

Nina miaka 21, nasoma chuo hapa hapa Mwanza, mwaka wa pili, nimepanga chumba maeneo ya Nyegezi. Kwetu ni Igombe, mama yangu anaanika dagaa pale mwaloni, ufukweni mitumbwi inaposhushia samaki, toka nimepata akili. Baba alikuwa anakaa visiwani kwenye kambi ya wavuvi, akija anakuja na hela na kelele, akiondoka anaondoka na vyote viwili, siku hizi hata haji. Mi ndo wa kwanza, nyuma yangu wako watatu.

Mama alikuwa na vipindi. Nyumbani hatukuwa na jina la hiyo hali, tulikuwa tunasema tu "mama amegeuka", maana analala kitandani uso ukutani mgongo kwetu, khanga ameitundika dirishani mchana kweupe, anaweza akakaa hivyo siku tatu, wiki, kuna mara moja ilifika mwezi na zaidi. Haongei, hafoki, ukimpelekea chai ukirudi unaikuta imeganda utando juu. Nilijua kusonga ugali nina miaka saba kwa sababu hiyo, na nilijua kuwaambia majirani "mama ana malaria" kabla sijajua kusoma vizuri.

Kuna siku moja nilikuwa darasa la nne. Dagaa zimeanikwa mchangani, kama ndoo kumi na mbili hivi, za mkopo zote, mawingu yakatokea ziwani ghafla kama yanavyokujaga, kila mama pale mwaloni anakimbilia za kwake, watu wanaitana, maturubai yanapeperuka, na mama yangu amesimama katikati ya dagaa zake ameshika fagio anaangalia. Anaangalia tu mvua inavyonyeshea dagaa. Mi na mdogo wangu tukazoa kwa mikono na beseni, tukaokoa labda ndoo mbili. Mama hakulia. Usiku nikamsikia anasema peke yake gizani "nimechoka mimi", na toka siku ile nikiwa nyumbani silali kabla yeye hajalala, mpaka leo.

Sasa shida yangu. Toka muhula huu uanze sijielewi. Nalala saa mbili usiku, saa tisa niko macho na usingizi haurudi tena. Chakula hakina ladha, hata sato wa kuchoma ambaye mi nilikuwa naweza kumkimbilia na mvua. Vipindi nimeacha wiki mbili, nina sapu mbili zinanisubiri. Juzi jirani yangu wa chumba cha pili kaja kugonga mchana akaniuliza mbona giza hivi humu ndani, ndo nikaangalia, aisee, nimetundika khanga dirishani. Sikumbuki hata nimeitundika lini. Na nilikuwa nimelala nimegeukia ukuta.

Naomba mnisaidie. Hii kitu inarithiwa? Iko kwenye damu au nimejifunza kwa kumwangalia mama? Nikija kuzaa ntampa na mwanangu? Na kubwa kuliko yote, nimwambie mama? Naogopa akijua atasema yeye ndo kanisababishia, atageuka tena, na wadogo zangu bado wako pale. Na kiukweli kuna sehemu ndani yangu inamlaumu, hiyo ndo inaniuma kuliko yote, maana huyu mama kanisomesha kwa dagaa.

NesiWaKliniki

Pole sana mdogo wangu. Mi ni nesi, niko upande wa kliniki ya wajawazito na watoto, nina miaka 14 kazini. Nitakujibu yote ila nianze na la kwanza kabla ya mengine. Je unawaza kufa? Au kujidhuru? Nakuuliza waziwazi kwasababu kumuuliza mtu hakumpandikizii hilo wazo, kunampa nafasi ya kulitua. Jibu hapa au nitumie pembeni.

BintiWaIgombe

Sijapanga kitu dada. Ila kuna asubuhi natamani nisingeamka.

NesiWaKliniki

Asante kwa kusema. Hiyo peke yake inatosha kukupeleka hospitali wiki hii hii, usisubiri mitihani iishe. Hospitali ya Bugando wana idara ya magonjwa ya akili, huko hawaendi "vichaa" tu kama mtaani wanavyosema, anaenda mwalimu, anaenda mfanyabiashara, anaenda mwanafunzi kama wewe. Ukiogopa pale anza na zahanati au kituo cha afya kilicho karibu useme hali yako kama ulivyoiandika hapa, watakuandikia rufaa. Huyo jirani aliyegonga mlango mwombe akusindikize. Na kama lile wazo la asubuhi likibadilika ukaanza kufikiria namna ya kulifanya, usikae peke yako chumbani hata usiku mmoja, nenda hospitali saa hiyo hiyo, upande wa dharura hawafungi.

Haya, maswali yako.

Kinachorithiwa ni wepesi wa kuipata, yenyewe hairithiwi kama unavyorithi rangi ya macho. Jina la kitaalamu ni sonona, ingawa mi kliniki silitumii sana, nikimuuliza mama "una sonona?" ananikodolea macho, nikimuuliza "mayu (yaani mama), una mawazo?" anaanza kulia kabla sijamaliza sentensi. Tafiti za mapacha zimeonesha kwamba ukiangalia kwanini huyu anapata sonona na yule hapati, damu inabeba kama asilimia 37 hivi, iliyobaki ni maisha mtu aliyopitia. Kwahiyo ulipouliza ni damu au ni kumwangalia mama, jibu ni vyote viwili, na cha pili ni kikubwa kuliko watu wanavyodhani.

Uingereza, mji wa Bristol, kuna utafiti ulianza na kina mama waliotarajiwa kujifungua kati ya Aprili 1991 na Desemba 1992, mimba zaidi ya 14,000, na watoto wao wamefuatiliwa mpaka wakawa watu wazima. Wakaona mama aliyekuwa na sonona akiwa mjamzito, mtoto wake akifika miaka 18 naye uwezekano wa sonona unakuwa juu zaidi. Na walioumia zaidi ni watoto ambao sonona ya mama ilikuwa kali na ikang'ang'ania, yaani mama anayo mtoto akiwa na miezi miwili na bado anayo mtoto akifika miezi minane. Ile ya wiki chache ikapita haikuacha alama kubwa namna hiyo.

Sasa hapa naomba usome taratibu. Marekani kuna mtafiti anaitwa Myrna Weissman, toka miaka ya 1980 amefuatilia watoto wa wazazi wenye sonona na watoto wa wazazi wasiokuwa nayo, baada ya miaka 20 wale wa kwanza walikuwa na hatari kama mara tatu ya wenzao. Hiyo ndo habari mbaya na mtaani ikifika inaishia hapo. Lakini yeye na wenzake mwaka 2006 wakatoa utafiti mwingine, walichukua kina mama 151 waliokuwa wanatibiwa sonona, kila mmoja na mtoto wake, wakaangalia tu, watoto wenyewe utafiti haukuwapa dawa. Mama alipopona ndani ya miezi mitatu, katika watoto waliokuwa na shida za akili tayari, theluthi moja nao wakatoka kwenye hiyo shida. Wale ambao mama zao hawakupona ikawa asilimia 12 tu. Mi nikisoma ile nilikaa chini. Maana yake ukimtibu mama unakuwa umeshamgusa mtoto, bila hata kumshika.

Na wewe unaweza ukaanza kutoka upande wako. Hata kwa umri wako hujachelewa wala sio ajabu ikatokea sasa hivi, robo tatu ya matatizo ya akili ya maisha yote huwa yameshaanza mtu akifika miaka 24.

Mkerewe_Asilia

Niseme na mimi, sina nia mbaya. Mimi hizi habari za damu huwa zinanipa shida kuzikubali. Huyu binti kasema mwenyewe, baba yuko kambini haji, dagaa za mkopo zimelowa, watoto wanne, mama mmoja. Nani asingegeukia ukuta? Mimi nimekulia Nansio, nimevua dagaa miaka kumi na moja, nawajua hao kina mama wa mwaloni, mwezi ukiwa mkubwa mitumbwi hatupeleki ziwani, siku zote hizo mama haingizi shilingi na mwenye mkopo anapita kila asubuhi. Tukisema ni ugonjwa tunamwachia daktari peke yake, baba anatoka hapo msafi kabisa. Mimi nadai baba naye aulizwe.

Na nilishaona familia moja wameuza ng'ombe watatu kumpeleka mama kwa mganga kwa hali kama hiyo hiyo, wakaambiwa ni jicho la shemeji yake, wakagombana ukoo mzima na mama akabaki vile vile. Kwahiyo sisemi waende kwa mganga. Nasema tusiuache ugumu wa maisha nje ya mazungumzo.

NesiWaKliniki

Kaka Mkerewe nakubaliana na wewe zaidi ya unavyofikiri. Kule kule Bristol waliona kitu kimoja, sonona ya mama baada ya kujifungua ilionekana kumgusa mtoto wa miaka 18 kwa wale kina mama waliokuwa na elimu ndogo, kwa wenye elimu kubwa haikuonekana hivyo. Elimu kule maana yake ni kazi, nyumba, mtu wa kukushikia mtoto ulale masaa mawili. Yaani ugonjwa ni ule ule ila kuna mwenye godoro la kuangukia na kuna anayeangukia jiwe. Ila ile ya wakati wa ujauzito ilionekana kwa wote, wasomi na wasiosoma, ndo maana mi nasema tusiitupe habari ya mwili moja kwa moja.

Na kina baba pia, ndiyo. Tafiti hizo hizo zilionesha sonona ya baba baada ya mtoto kuzaliwa nayo inamfikia mtoto. Kwenye kliniki zetu baba anakuja siku ya kupima damu, akipata karatasi yake haonekani tena.

MamaKulwa

Mwanangu BintiWaIgombe, mi ni mama yako kwa umri, acha nikuandikie nikiwa upande wa yule aliyegeukia ukuta, maana humu wote mnaongea mkiwa mmesimama nyuma ya mgongo wake.

Nilijifungua mapacha mwaka 2002, Kulwa na Doto, tulikuwa tunakaa Mabatini kule juu kwenye mawe, baba yao anaendesha lori la samaki anakuwa safarini wiki mbili wiki tatu. Watu wanakuja kunipongeza, mama mapacha mama mapacha, wanacheka, wanaleta sabuni na khanga, na mimi nacheka nao, wakitoka nawalaza watoto kitandani natoka nje nakaa juu ya jiwe nyuma ya nyumba nawasikia wanalia ndani kama ni watoto wa jirani. Sikiliza vizuri hapo. Nilikuwa nawasikia. Nilikuwa najua ni wangu na nilikuwa najua wana njaa na maziwa yananitoka yanalowesha gauni, ila ile kamba inayomvuta mama anyanyuke haikuwepo, kama imekatwa. Nikawa najiona mi ni mnyama, maana hata mbuzi ananyanyuka. Kliniki nilikuwa naenda kila mwezi, watoto wanatundikwa kwenye mzani, wanaandikiwa kadi, tunarudi. Hakuna aliyeniuliza mimi hata siku moja na mimi sikusema, ningesema nini.

Hiyo hali ikaja ikaondoka ikaja ikaondoka mpaka watoto wako sekondari. Nilikuja kutibiwa Kulwa akiwa kidato cha pili, tena kwa bahati, nilienda kwa ajili ya presha, nikakutana na daktari mmoja kijana akaniuliza maswali kumi kwenye karatasi, wiki hii umeweza kucheka, wiki hii umejilaumu bila sababu, mambo hayo. Nilipofika swali la mwisho nilishindwa kujibu.

NesiWaKliniki

Samahani mama nakukatisha kidogo. Hayo maswali kumi ni kipimo kilichotengenezwa Edinburgh mwaka 1987, kinauliza siku saba zilizopita tu, kilianza kwa kina mama waliojifungua ila kinatumika na kwa wengine. Dakika tano unamaliza. Swali la kumi ni la kujidhuru. Kiulizeni jamani, kliniki yoyote, mwambieni nesi "naomba unipime na mimi". Endelea mama.

MamaKulwa

Asante nesi. Naendelea.

Nikapewa dozi, nikawa nahudhuria, mwaka wa kwanza ilikuwa kupanda na kushuka ila nikatoka. Nikasema basi, yameisha, watoto hawakujua. Mwanangu, mama wote tunajidanganya hivyo.

Kulwa alipoanza chuo huko Dodoma akawa ananipigia simu kila siku saa tatu usiku. Kila siku. Nikawa najisifia mwaloni, mwanangu ananipenda, wa wenzangu hawapigi mpaka bumu likiisha. Anauliza umekula mama, umekula nini, umelala mchana? Dakika mbili, anakata. Likizo moja akaja, akawa anakaa kwa mjomba wake Usagara anasaidia duka. Siku hiyo umeme umekatika Mabatini toka asubuhi, simu imezima, mi nimelala zangu mapema. Saa tano usiku nasikia mlango unagongwa utadhani wezi. Ni Kulwa, kaja na boda kutoka Usagara, jasho linamtoka kwenye baridi, hakunisalimia, akanishika mikono yote miwili akaigeuza geuza akaiangalia kwenye mwanga wa tochi ya simu yake. Halafu akakaa chini pale pale kizingitini akawa anatetemeka.

Kijana wa miaka 20, ndevu zimeota. Ndo nikaelewa zile simu zilikuwa za nini. Alikuwa halali bila kuhakikisha nimelala, kama ulivyoandika wewe, ndo maana nilisoma mstari wako ule nikaweka simu chini nikaenda kunywa maji. Mimi nilipona mwanangu akabaki anaumwa ugonjwa wangu, hakuna aliyemwambia kwamba zamu imeisha.

Nilimwambia usiku ule ule. Nikamwambia Kulwa, mimi nina daktari wangu, nina dawa zangu ziko kwenye kopo lile, shangazi yako anajua, jirani anajua, hiyo kazi ya kunilinda sio yako na haikutakiwa kuwa yako, ulipewa ukiwa mtoto kwasababu hapakuwa na mtu mzima, nisamehe. Alilia mpaka kwikwi. Sio kwamba alipona siku ile, aliporudi chuo alimtafuta mshauri nasaha na alienda karibu mwaka mzima. Bado anapiga simu ila sasa ananiambia na habari za mpira.

Doto sasa, tumbo moja, ziwa moja, chumba kimoja, yeye aliondoka nyumbani na miaka 17 akaenda Geita machimboni, kwake mimi nilikuwa mama mvivu niliyekuwa nalala mchana wenzie wakipelekewa uji shuleni. Simu yangu anapokea mara moja kwa miezi miwili. Sijui nimwandikie nini na sijaacha kumwandikia. Nakwambia hili ili ujue haiendi kwa watoto wote sawa, na usimpime mdogo wako kwa kipimo chako, anaweza akawa ameibeba kwa hasira.

Umeuliza umwambie mama. Mwambie. Usimwambie umesimama mlangoni begi liko begani, na usimwambie kwenye simu. Mwambie mikono yenu ikiwa inafanya kitu, ili asilazimike kukuangalia usoni. Usianze na "ulinifanyia". Anza na khanga.

Na lile la kumlaumu, mlaumu tu mwanangu, mama yako anaweza kulaumiwa na kupendwa siku moja hiyo hiyo, mimi Kulwa aliwahi kunitupia maneno nikayastahili na jioni yake akanichotea maji.

Boda_Buzuruga

Mi sio mwandishi nitasema kifupi tu. Nina miaka 26, mama yangu alikuwa hivo hivo na mi ikanishika nikiwa na 22, nikadhani nimerogwa, nikaacha kazi miezi minne. Nikaenda hospitali. Ambacho hakuna aliyeniambia mapema ni kwamba dawa hazifanyi kazi siku hiyo hiyo, ni wiki mbili mpaka nne ndo unaanza kuona, na zile siku za mwanzo unaweza ukasikia kichefuchefu au usingizi wa ajabu af unasema hizi zinaniua unaacha. Usiache. Na ukianza kujisikia poa pia usiache ghafla, mi niliacha nikarudi kule kule vibaya zaidi, ongea na aliyekupa kwanza. Pombe weka pembeni kabisa.

Halafu tafuta kitu cha kufanya asubuhi ile saa tisa unayoamka. Mi nilikuwa naenda kuosha pikipiki hata kama ni safi.

DadaKiseke

Naongezea kwa wanaosema maombi. Mimi ni wa maombi, naombewa na ninaombea, na nameza dawa zangu saa mbili usiku kila siku. Mchungaji akikwambia achana na dozi mwambie utaiacha daktari akisema.

NesiWaKliniki

Nirudi kwenye swali lake moja ambalo hatujalijibu, la "nikizaa ntampa na mwanangu". Nalipata kila mwaka hili, wasichana wanaapa hawatazaa. Mdogo wangu, wewe tayari uko tofauti na mama yako kwa kitu kimoja, unajua jina lake na una miaka 21. Siku ukipata mimba mwambie nesi siku ya kwanza ya kliniki kwamba wewe ulishawahi kuwa na sonona na mama yako pia, aandike kwenye kadi. Usisubiri kuulizwa. Na mwenza wako ajue dalili, ajue khanga dirishani maana yake nini.

Na sio lazima wawe madaktari bingwa. Pakistani walichukua wahudumu wa afya wa vijijini, wanawake wa kawaida, wakawafundisha kuongea na wajawazito wenye sonona majumbani kwao, matokeo yakachapishwa 2008, wengi wakapona, na Shirika la Afya Duniani likaja likauchukua ule mpango. Zimbabwe toka 2006 wanatumia mabibi, wanakaa kwenye benchi nje ya zahanati wanasikiliza watu, na wao wenyewe sonona wanaiita kwa lugha yao "kufikiria kupita kiasi". Karibu sawa na mawazo yetu. Mi natamani benchi hilo liwepo pale Kirumba Mwaloni, katikati ya magunia, mabibi wa kukaa tunao.

Mkerewe_Asilia

Hilo benchi hata mimi nitalichongea.

BintiWaIgombe

Nimerudi. Zimepita siku tisa, samahanini kwa kimya, nilikuwa nasoma kila kitu ila sikuwa na nguvu ya kuandika.

Jumanne nilienda hospitali na jirani yangu. Tulikaa kwenye benchi masaa matatu, nikataka kuondoka mara mbili, akanishika begi. Daktari kaniuliza mengi, kaniandikia dawa na kaniambia nirudi baada ya wiki mbili, na kuna dada wa ushauri nasaha nimepangiwa naye. Bado sijisikii nafuu, namshukuru Boda maana siku ya tatu nilitaka kuzitupa. Khanga nimeitoa dirishani, imebaki misumari tu.

Jumamosi nikaenda Igombe. Nilimkuta mama anachambua dagaa, anatoa konokono na mchanga, nikavuta ndoo nikakaa upande wake nikaanza kuchambua. Nilikaa labda nusu saa bila kusema. Halafu nikafanya kama MamaKulwa alivyosema, nikamwambia mama, mwezi huu nimejikuta nimetundika khanga dirishani.

Hakusema kitu. Vidole vyake havikuacha kuchambua, ila vilipunguza kasi. Anatoa konokono mmoja anaweka pembeni, mwingine anaweka pembeni. Mi moyo unanienda mbio nasema nimeshaharibu, nimemgeuza. Akasema bila kuniangalia, "ya kijani au ile ya ndege?" Nikamwambia ya ndege. Ni khanga yake, alinipa nikienda chuo.

Tukaendelea kuchambua. Baadae akasema bibi yenu kule Magu alikuwa analala jikoni, watoto tulikuwa tunaambiwa ana baridi ya mwili. Miaka yote hii mi sijawahi kumsikia akisema hivyo. Nikamwambia nimeenda hospitali, nimepewa dawa, nikamtolea karatasi ingawa hasomi sana, akaishika kwa ncha za vidole isilowe.

Akaniuliza kurudi ni lini. Nikamtajia siku. Akahesabu kidogo kichwani akasema siku hiyo mwezi utakuwa mkubwa, dagaa hakuna, naweza kuja.

Dada nesi naomba kuuliza, hana kadi yoyote ya hospitali zaidi ya zile za kliniki zetu tulipokuwa watoto, aje nazo au?

NesiWaKliniki

Aje hivyo hivyo mdogo wangu. Ila kama bado anazitunza zile kadi aje nazo. Mfike mapema, saa moja na nusu muwe mmeshakaa, na mnywe chai kabla ya kutoka.